Mwaka Ambao Waya Ziliacha Kuimba

Waya iliyolegea inashika nini? Baba Veronika aliniuliza swali hilo siku ya kwanza nilipopanda kwenye chelezo letu ziwani, mbele ya wanaume waliokuwa wakingoja kuona binti wa chuo kikuu atajibu nini. Nilikuwa nimetoka kusoma miamba. Ningeweza kuwaeleza jinsi dhahabu inavyoingia kwenye ufa wa jiwe na kulala humo kwa muda usiohesabika, lakini kamba, nanga na maji havikuwamo katika mitihani yangu. Nilifanya nilichozoea kufanya nikibanwa: nikamrudishia swali. Nikamuuliza, na iliyokazwa je, inashika nini? Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. “Iliyokazwa, binti, imekushika wewe hapo uliposimama,” akasema, akaokota spana yake na kuendelea na kazi.

Jibu la swali lake nililipata mwaka uleule, na limenilisha tangu hapo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia baharini, mbali na kwetu, nikikagua minyororo na nanga za mitambo inayochimba mafuta, ile inayoelea juu ya maji marefu na kushikiliwa mahali pake kwa minyororo ambayo pingili yake moja haibebwi na mtu mmoja. Kila msimu wa vimbunga ulipokaribia, kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba mtambo hautang'oka na kwenda kokote upepo unakotaka. Wenzangu wengi walizaliwa karibu na bahari. Waliponiuliza binti wa Shinyanga, nchi ya ng'ombe na vumbi, alijifunzia wapi habari za nanga, niliwajibu kwamba nilijifunzia kwenye karai la kufulia, nao walidhani natania. Mwaka huu tumemzika Baba Veronika kwao Ushirombo, jirani na misheni, na pale msibani nilimsikia kijana mmoja wa ukoo akimnong'oneza mwenzake kwamba yule mama mwenye mvi ndiye aliyemlegezea babu waya. Nikatamani kuisimulia mwenyewe, kabla haijawa hadithi ya watu wasiokuwapo.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Kagera. Sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, na fedha za kigeni tulizisikia redioni tu. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa kitambo, lakini shirika lililoniajiri lilikuwa limeshawishika kwamba mwamba wenye dhahabu haukomi ufukweni, bali unaendelea chini ya ziwa. Ili kuuthibitisha, lilijenga chelezo: matangi ya chuma yaliyounganishwa, juu yake sakafu ya mbao, na katikati ya sakafu tundu la kupitishia mabomba ya kuchorongea mwamba. Juu ya tundu ulisimama mlingoti wa chuma. Kwenye kila pembe palikuwa na winchi ya kuzungusha kwa mkono, na kutoka kila winchi waya nene ilishuka majini hadi kwenye nanga. Nanga zenyewe zilikuwa vyuma vya kinu cha zamani cha kusagia mawe, vimemiminiwa saruji. Kazi yangu ilikuwa kupokea vipande vya mwamba vilivyotolewa chini, kuvipanga kwenye masanduku na kusema vina nini. Hakuna aliyenituma kutazama waya.

Nilipanga chumba kwa Baba Veronika mwenyewe, msimamizi wa chelezo, katika nyumba ya bati aliyoikodi juu kidogo ya mwalo, ufukwe wa kuegeshea mitumbwi. Kuta za ndani hazikufika darini, hivyo kila neno lililosemwa chumba kimoja lilikuwa la nyumba nzima. Nilijua nani kakohoa, nani kageuka kitandani, na Mama Veronika anamwambia nini Mungu wakati wa rozari. Chumba changu kilinuka dagaa, kwa sababu kabla yangu kilikuwa ghala. Asubuhi tulikunywa chai isiyo na sukari kwa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, na utamu wake ulitosha kutusahaulisha foleni. Jioni ulikuwa ugali wa muhogo na sato, au furu, visamaki vidogo, kama sato hakuonekana. Mimi niliuliza maswali hata mdomoni mkiwa na chakula. Kwa nini mnakausha viazi kwa kukata hivi na siyo vile? Nani alisema mwanamke akipanda mtumbwi samaki wanakimbia, na alihesabu samaki wangapi? Mama Veronika, ambaye alikuwa Msumbwa kama mumewe, mpole na mwenye mzaha wa chinichini, aliniambia mara moja kwamba wakwe zangu watadai ng'ombe wao si kwa sababu sijui kupika, ila kwa sababu nitawauliza ng'ombe wamefundishwa nini.

Baba Veronika alikuwa fundi wa milingoti. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mgodi wa zamani, ambako mlingoti mrefu wa chuma uliopandisha mawe kutoka shimoni ulishikiliwa kwa waya kutoka pande zote, na kazi yake ilikuwa kuzitunza. Mafundi wa kazi ile walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi, kabla mtu hajashuka shimoni, fundi alizunguka na spana na kuigonga kila waya. Waya iliyokazwa sawasawa ilitoa mlio, na milio yote ilipaswa kufanana. Moja ikiwa na sauti nzito kuliko wenzake, ilikazwa mpaka iimbe kama wao. Mlingoti ambao waya zake ziliimba sauti moja haukuanguka. Hilo halikuwa imani tupu, lilikuwa kweli, na watu walishuka shimoni wakiwa wametulia kwa sababu ya mlio ule. Basi alipopewa chelezo akaja na desturi yake. Kila asubuhi alikaza winchi zote nne mpaka waya zikawa ngumu kama fimbo, akagonga moja moja, akainamisha kichwa kusikiliza. Sauti ilisafiri juu ya maji hadi mwaloni, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walijua kazi imeanza. Nami niliupenda mlio ule. Ulikuwa kitu kimoja kilichopangika katika nchi ambayo hata kiberiti hakikupangika.

Aliyempinga pekee alikuwa Zakaria, Mzinza aliyetuvusha kwa mashua, naye alipinga kwa matani tu. Alisema hajawahi kuona watu wa bara wakifunga chombo pasipo kukifunga kama fahali, pua juu, asipumue. Baba Veronika alimjibu kwamba fahali asiyefungwa hula shamba la jirani. Nilipomuuliza Zakaria kwa nini mashua yake yeye huiachia kamba ndefu, alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini anatembea kwa miguu. “Kwani wewe ukimfunga mbuzi unamfunga kwa kamba fupi?” Hilo halikuwa jibu. Mbuzi anahitaji kula, mashua haili. Alikuwa amefundishwa hivyo na babaye, na babaye na wake, na kwangu mimi jambo lililorithiwa bila sababu lilikuwa jambo la kutiliwa shaka, hata kama lilikuwa sahihi.

Wakati wa mvua za vuli upepo ulitujia kutoka upande wa Sengerema, asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto. Nilikuwa kwenye chelezo. Nakumbuka maji yakigeuka rangi ya chungu, kisha ukuta wa mvua, kisha sakafu ikitetemeka bila kuyumba, maana waya zilituzuia tusinyanyuke na wimbi; wimbi lilipanda nasi tukabaki palepale, likatupanda. Waya ya mashariki ndiyo iliyokatika kwanza. Haikulegea, haikutoa onyo, ilipiga kama bunduki, na kipande chake kikaruka juu ya vichwa vyetu. Kabla hatujainuka ikakatika ya kaskazini. Ya tatu haikukatika, ila nanga yake iling'oka, na chelezo likazunguka kwenye ile moja iliyobaki huku bomba lililokuwa chini ya tundu likipinda kama unavyopinda bua la mtama. Zakaria alituchukua kwa mashua kwa awamu, na sitaki kueleza zaidi jinsi nilivyoshuka. Hakufa mtu. Chelezo liliburutwa hadi kwenye matete na kukaa humo likiwa limeinama.

Meneja alikuja kutoka mjini, akalizunguka, akasema maneno machache. Mabomba ya akiba yalikuwapo kwa shimo moja tu. Chelezo likiponyoka tena, hakuna fedha za kigeni za kununua jingine, na kila mtu aliyekuwa pale atarudi kwao. Kisha akasema waya zinunuliwe nene zaidi na zikazwe zaidi. Baba Veronika aliitikia kwa kichwa. Jioni ile, juu ya ukuta usiofika darini, nilimsikia akimwambia mkewe kwamba waya hazikuwa na kosa, alizigonga asubuhi na zote ziliimba. Alilisema hilo mara kadhaa, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Mimi sikuweza kulala na maneno ya meneja. Kama waya zote nne zilikuwa sawa, kwa nini zilikatika moja baada ya nyingine, ikianza inayoutazama upepo? Nilimuuliza kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Wengi walijibu kwamba ile ya mashariki ilikuwa mbovu, nami nikaenda kuipima na kuikagua, haikuwa mbovu. Jibu lilinijia nikifua. Karai la Mama Veronika lilikuwa pana, la bati, na nilikuwa nimelijaza maji. Nikaokota mfuniko wa kopo, nikauacha uelee, nikaufunga nyuzi nne zenye mawe, nikatia tope chini ili mawe yakae kama nanga zetu. Nikamwomba Mama Veronika apunge ungo. Alipunga akicheka, akisema sasa amepata mtoto mwingine wa kunyonyesha. Nyuzi zikiwa fupi na zimekazwa, jiwe la upande wa upepo lilinyanyuka topeni mara moja, kwa sababu uzi uliokuwa umesimama ulilivuta juu. Nilipourefusha uzi na kuulaza, ukavuta jiwe kwa ubavu, nalo likazidi kujichimbia. Kisha nikaona jambo ambalo lilinifanya niketi chini kwenye maji ya sabuni. Nyuzi za nyuma, zile za upande ambao upepo unaelekea, zilikuwa zimekazwa nazo. Zilikuwa zikivuta mfuniko kwenda kulekule upepo unakousukuma. Waya ya mashariki haikupigana na upepo peke yake. Ilipigana na upepo na dada zake wawili.

Nilifungua mnyororo wa baiskeli iliyokufa, nikaufunga kati ya uzi na jiwe, na hapo mfuniko ukaanza kupanda na kushuka na wimbi bila kulishtua jiwe, maana kila ulipovutwa ulilazimika kwanza kuunyanyua mnyororo kutoka chini. Uzito ule uliolala ulikuwa kama subira. Baba Veronika aliporudi nilimwita jikoni. Alichuchumaa mbele ya karai na kofia yake mkononi, akatazama mara ya kwanza, akaomba irudiwe, akatazama tena. Nilimwambia, sasa ninaweza kukujibu: waya iliyolegea inaushika mnyororo, na mnyororo ndio unaoishika nanga. Na waya ya nyuma ilegezwe kabisa dhoruba inapokuja, isiusaidie upepo.

“Karai halina ziwa,” akasema.

“Lakini lina upepo na lina tope.”

“Lina mke wangu na ungo.” Akainuka, magoti yakalia. “Na upepo ukitoka upande mwingine? Utajuaje ya nyuma ni ipi?”

Nikasema huwezi kujua kabla. Lazima mtu awe juu ya chelezo, atazame upepo umekuja kutoka wapi, ndipo alegeze. Mama Veronika aliacha kucheka. Sote watatu tulielewa nilichokuwa nimesema.

Tulibishana miezi yote ya kiangazi kifupi, mezani na kazini, chelezo likitengenezwa. Alikuwa mbishi mzuri. Hakunivumilia kwa sababu ya shahada wala hakunidharau kwa sababu ya sketi. Aliuliza maswali ya mtu anayetafuta pa kupasua. Mnyororo ukizama wote topeni je? Bomba litahimili tukisogea? Nikalazimika kurudi kwenye karai mara nyingi kuliko nguo zilivyochafuka. Mwishoni alikubali tujaribu, bila kumwambia meneja kwa maneno mengi. Tuliufuata mnyororo wa zamani wa kuvutia magari ya mawe, uliotupwa kwenye majani huko mgodini, na watu wetu wakaubeba mabegani kwa mstari hadi kwenye lori, wakiimba wimbo wa kulima. Watoto wa njiani walikimbia nyuma yao wakipiga kelele kwamba wacheza nyoka wamekuja. Tuliukata vipande vinne. Tukarefusha waya. Tukafunga kiungo kwenye bomba la juu, ili liweze kufunguliwa upesi na kuacha chelezo huru lisogee.

Asubuhi ya kwanza baada ya hapo, Baba Veronika alizunguka na spana yake kama kawaida. Akagonga waya ya kwanza. Ilitoa sauti ya kijiti kikigonga gunia. Akagonga ya pili. Wanaume walisimama wakamtazama, na mmoja akasema kwa Kisukuma, taratibu, kwamba leo mzee anapiga hodi kaburini. Baba Veronika alirudisha spana mfukoni. Mwaloni, wanawake walichelewa kuanza kuosha vyombo, wakidhani leo hakuna kazi.

Masika ilipofika ilifika na kila kitu. Siku ninayoikumbuka, mawingu yalisimama upande wa kaskazini tangu kulipopambazuka, meusi chini na meupe juu. Tulikuwa tumefika kwenye chelezo baada ya chai. Baba Veronika alikuwa ametutangulia na mtumbwi. Aliamuru bomba la juu lifunguliwe, kisha akaamuru kila mtu aingie kwenye mashua ya Zakaria. Nilibaki. Nikamwambia mpango ni wangu, mimi ndiye ninayejua ipi ilegezwe na kwa kiasi gani, na winchi mbili hazizungushwi na mtu mmoja. Upepo ulikuwa umeanza kuokota vumbi la mvua juu ya maji. Zakaria alikuwa akiita.

“Umenifundisha miezi yote hiyo,” Baba Veronika akasema. “Kama sijaelewa, basi wewe si mwalimu. Shuka.”

Nikashuka. Nimesimama mbele ya vimbunga vikubwa tangu siku hiyo, katika vyumba vyenye vioo na mashine za kuonyesha mvuto wa kila mnyororo, na hakuna kilichonitisha kama pale mwaloni. Mama Veronika alikuwa amesimama pale na kanga kichwani. Tulimwona mumewe akiinua mkono kupima upepo, akaenda winchi ya kusini, akaiachia, waya ikakimbia majini. Akaenda ya magharibi, hiyo ilikwama, akaipiga teke, ikaachia. Chelezo likarudi nyuma kwa kishindo na kuelekea ufukweni, likitujia, na wanaume walioniamini nusu wakaacha kuniamini kabisa, niliwasikia. Likaendelea kurudi. Kisha, pale ambapo mnyororo wa kaskazini ulianza kunyanyuka kutoka topeni, likapunguza mwendo kama ng'ombe anayefika mwisho wa kamba yake bila kuvutwa, na likainamisha pua. Mvua ikalifunika. Tulikaa ndani ya mvua ile tukitazama weupe. Mama Veronika hakusali kwa sauti. Alishika mkono wangu na kuubana mpaka vidole vikafa ganzi.

Mvua ilipopungua chelezo lilikuwa pale. Lilikuwa limesogea, limepoteza mbao kadhaa na paa la turubai, lakini waya zote nne zilikuwa zimeshuka majini kutoka kwenye pembe zake. Baba Veronika alikuwa amekaa chini ya mlingoti, amekumbatia nguzo. Zakaria alipomfikia alitaka kujua kama yuko mzima, naye akamjibu kwamba mtu mzima huulizwa kama amekula. Alipopanda kutoka mwaloni alipita mbele yangu na kusema tu kwamba ile winchi ya magharibi inahitaji grisi.

Tulilimaliza shimo lile, na mengine. Mwamba ulikuwapo chini ya ziwa, na dhahabu kidogo ndani yake, isiyotosha kumfurahisha meneja. Mafuta yalipoadimika zaidi kazi ikasimamishwa, lakini kwa barua ya ofisini, siyo kwa upepo. Mimi nilikwenda kusoma tena, safari hii habari za nanga, na nilikuta katika vitabu vya watu wa bahari kuu mitambo iliyong'oka kwa utaratibu uleule: kwanza mnyororo unaoutazama upepo, kisha jirani yake. Sikushangaa. Ujasiri nilionao wa kusimama mbele ya watu walionizidi umri na vyeo na kuwaambia legezeni, niliutoa kwenye mwaka ule, na zaidi kwenye jambo moja: kwamba mtu aliyeishi kwa mlio wa waya iliyokazwa aliniamini, akaiweka roho yake juu ya waya nilizolegeza.

Siku chache baada ya mazishi, watu wakiwa wametawanyika, nilikaa na Mama Veronika kwenye ukumbi wake Ushirombo tukichambua maharage. Macho yake yamepungua. Alichambua kwa vidole. Nikamweleza nilichokipata mwaka ule. Nikamwambia mumewe ndiye mtu wa kwanza aliyeniamini.

Akatupa kando harage bovu. “Alikuamini? Nani kakwambia?”

Akanieleza kwamba asubuhi ile ya dhoruba, kabla ya kuchukua mtumbwi, Baba Veronika alivua saa yake na rozari, akamwekea mkononi. Mama Veronika akamuuliza, kwani huyo mtoto humwamini? Mumewe akajibu kwamba amenisikiliza tangu vuli na haamini hata neno langu moja. Ila njia yake yeye ameiona ikikatika kwa macho yake, na yangu bado haijakatika. Ndiyo maana, akamwambia, hataki mtu mwingine yeyote abaki naye.